Mtaalamu wa Nyota Asiye na Kibali

Mama yangu hakusema uongo. Aliandika kwenye kundi la WhatsApp la kwaya ya parokia kwamba binti yake amerudi Tabora kwa miezi mitatu, na kwamba anasomea udaktari wa nyota. Kila neno lilikuwa la kweli. Nilikuwa mwaka wa nne wa shahada ya uzamivu ya fizikia huko Dar es Salaam, na kazi yangu ilikuwa nyota za aina moja tu, zile zilizokwisha kufa zikajikunyata mpaka upana wake haufiki hata safari ya kutoka mjini hadi Isikizya, ilhali uzito umebaki wa jua zima na zaidi. Nilirudi nyumbani kwa sababu nilitaka kuandika mahali penye utulivu.

Kosa la mama, kama lilikuwa kosa, ni kusahau Kiswahili chetu. Kwetu mtu mwenye nyota ni mtu mwenye bahati. Nyota hufifia, huchafuka, huibiwa, na wako watu wa kuisafisha, ambao vibao vyao vimepigiliwa misumari kwenye nguzo za umeme kuanzia stesheni mpaka sokoni. Kwaya ina watu arobaini na kitu. Ujumbe ule ulikaa kwao siku mbili, ukavuka ukafika kwa majirani Waislamu, na siku ya tatu asubuhi akaja mgeni wa kwanza.

Alikuwa mzee wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, mstaafu wa reli, ambaye alinijua tangu navaa sare ya chekechea. Alikuja amevaa koti, kwenye jua lile. Mimi nilikuwa barazani na kompyuta mpakato yangu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nimesikia."

Alivuta kiti, akakaa, akaweka kofia yake gotini.

"Nimesikia unashughulika na nyota."

"Ndiyo, mzee."

"Basi nitazamie yangu."

Nilimweleza kwa adabu kwamba mimi hushughulika na zile za angani.

"Na yangu unafikiri iko wapi?" akauliza.

Nikaona dawa ni kumweleza kazi yangu yote, kwa kirefu, bila kuruka kitu, kwa imani kwamba ataaga baada ya dakika kumi. Nilikuwa nimewahi kuwaondoa watu wengi kwa njia hiyo, wakiwemo wachumba wawili.

Nikamwambia kwamba vitu vyote vimejengwa kwa chembe ndogo, na katikati ya chembe hizo kuna nyutroni, na ndani ya kila nyutroni kuna vitu vitatu vidogo zaidi viitwavyo kwaki. Nikamwambia afikirie akina mama kwenye shughuli ya harusi, kila mmoja amekaa kwenye mkeka na watoto wake watatu. Watoto hawaruhusiwi kutoka mkekani kwa mama. Hali ya kawaida ndiyo hiyo. Sasa ukumbi ukijaa, watu wakaendelea kuingia, wakasongamana magoti kwa magoti, mikeka ikapandana, inafika mahali watoto wanavuka tu kutoka kwa mama huyu kwenda kwa yule na hakuna tena wa kusema huyu wangu, yule wako. Ukumbi mzima umekuwa watoto.

"Katikati ya nyota zangu," nikamwambia, "huenda kuko hivyo. Kwaki haijui tena mama yake. Ukichota kijiko kimoja cha maada hiyo, uzito wake ni kama mlima."

"Na akina mama wamekwenda wapi?"

"Hawapo tena. Wamevunjika."

"Masikini," akasema mzee, akatingisha kichwa kwa huzuni ya kweli.

Dakika kumi zilikuwa zimepita na hakuonyesha dalili ya kuaga. Nikaendelea na maada giza. Nikamweleza kwamba tukipima mwendo wa nyota angani tunakuta zinavutwa na uzito mkubwa kuliko vitu vyote tunavyoviona, na kwamba lazima kuna kitu kingine, na mimi nachunguza kinavyokuwa kitu hicho kikinaswa ndani ya nyota zangu.

"Kitu hicho mmekiona?"

"Hapana, mzee. Hakitoi mwanga na hakizuii mwanga."

"Mmekigusa?"

"Hakigusiki. Kinapita ndani yetu sasa hivi hapa tulipokaa."

Alitazama mikono yake, upande wa juu na wa chini.

"Hakionekani, hakishikiki, kinapita ndani ya watu, lakini kina uzito."

"Ndiyo."

"Mwanangu," akasema, "umefika mbali."

Akavaa kofia yake, akanishukuru, akaenda zake. Nilidhani nimeeleweka. Jioni ile ile alimshinda bao mara tatu mfululizo bwana mmoja aliyekuwa akimfunga tangu mwezi wa Ramadhani, na kila aliyemuuliza siri yake alimjibu kwamba mtoto wa mwalimu, yaani mimi, ametazama nyota yake, akakuta ndani kuna giza lenye uzito, na sasa limejulikana.

Wiki iliyofuata walikuja watu kumi na mmoja. Nawakumbuka kwa sababu mama aliazima viti kwa jirani. Alikuja bibi mmoja mwenye duka la vitambaa Mtendeni, mama wa Kiarabu mwenye maneno laini, akitaka kujua kwa nini wateja wakifika mlangoni kwake hugeuza shingo kutazama duka la mbele. Walikuja vijana wawili wakiwakilisha timu yao ya mpira, ambayo nyota yake ilikuwa imefifia tangu ipate kocha mpya. Akaja dada aliyesafiri kutoka Lusu kwa basi, na huyo nilimwonea aibu zaidi kwa sababu alinibebea kuku.

Wote niliwaambia jambo moja: mimi si mganga, sisafishi nyota, nafanya hesabu. Haikusaidia. Dada wa Lusu aligeuka akamwambia mama yangu, kwa sauti ya kunong'ona ambayo niliisikia vizuri, kwamba wa kweli hawajitangazi.

"Mama, waambie," nikasema walipoondoka.

"Niwaambie nini?"

"Kwamba mimi si mganga."

"Mbona nawaambia. Nawaambia huyu ni mwanafizikia, wanasema ndiyo, ndiyo." Akawa anamtazama kuku. "Sasa huyu tumrudishe Lusu kwa basi gani?"

Lazima nikiri kwamba wakati ule nilikuwa na furaha, na mtu mwenye furaha huvumilia mengi. Hesabu zangu zilikuwa zimeanza kutoa jibu. Nyota ya aina hii husimama kwa sababu kwaki zilizobanwa zinasukuma kwenda nje, wakati uzito wa nyota yenyewe unavuta kwenda ndani. Uzito ukizidi kiwango fulani, msukumo unashindwa na nyota inaporomoka. Programu yangu ilikuwa ikionyesha kwamba ukiingiza maada giza katikati, kiwango hicho kinapanda. Nyota inapata nguvu ya kubeba zaidi. Nilimtumia msimamizi wangu mchoro, na yeye, mtu ambaye kwa miaka minne sifa yake kubwa kwangu ilikuwa "siyo mbaya", alinijibu: "Hili ni jambo. Andika makala haraka."

Nikaanza kuandika. Nilikuwa kwenye ukurasa wa sita barua ya wito ilipokuja kutoka ofisi ya mtendaji wa kata. Iligongwa muhuri sehemu mbili. Nilitakiwa kufika bila kukosa kujibu malalamiko ya kutoa huduma ya kusafisha nyota bila kibali.

Mama aliisoma mara mbili akiwa amesimama. Alifundisha shule ya msingi miaka thelathini, na barua ya serikali kwake ni jambo la kupiga pasi. Alipiga pasi gauni langu la kitenge, akakusanya vyeti vyangu vyote kuanzia cha ubatizo akavitia kwenye faili la plastiki, na akaniamuru nibebe kompyuta.

"Ya nini?"

"Kielelezo," akasema.

Mtendaji wa kata alikuwa mwanamke wa umri wangu, mwembamba, mwenye miwani na rundo la mafaili. Mlalamikaji alikuwa amekwishafika. Nilimtambua kwa vile sura yake iko kwenye vibao vyake: mganga wa mtaa wa nyuma, mtu mzima, amevaa kanzu safi na koti, na mbele yake mezani ameweka kibali chake, kimewekwa kwenye fremu ya kioo. Tukamwamkia, akaitikia marahaba kwa upole na akamuuliza mama hali ya miguu.

"Mimi sina ugomvi na binti," akasema aliporuhusiwa. "Hata kidogo. Ninacholalamikia ni utaratibu. Mimi nilifuatilia karatasi hii mwaka mzima. Nimejaza fomu, nimepigwa picha, nimeleta wadhamini. Leo mtu anashuka kwenye treni, anaweka viti barazani."

Nilimwona ana haki kabisa.

Mtendaji alinipa karatasi na kalamu niandike maelezo yangu. Niliandika ukurasa mmoja na nusu, na nadhani ni kurasa bora kabisa nilizowahi kuandika kuhusu fizikia, kwa sababu niliandika nikiwa na hofu. Akasoma kwa sauti, kidole kikifuata mistari.

"'Nyota hizi hazina uhusiano wowote na bahati ya mtu, awe hai au amekufa.' Hii nimeielewa." Akaendelea. "'Maada giza ikijikusanya katikati ya nyota, haigusani na kwaki wala haisukumani nazo, inazivuta tu kwa uzito wake.' Hii nayo sawa. 'Uchunguzi wangu umeonyesha kwamba kwa hali hiyo nyota inaweza kubeba uzito mkubwa zaidi kabla ya kuporomoka.'"

Mganga akakohoa. "Samahani mheshimiwa. Naomba kumuuliza binti swali la kitaalamu."

"Uliza."

"Hilo giza lako. Likiingia ndani ya nyota, nyota inaongezeka nguvu?"

"Ndiyo, mzee. Kwa mujibu wa hesabu."

Alinitazama kama mwalimu anayemhurumia mwanafunzi.

"Mwanangu, mimi niko kwenye kazi hii tangu hujazaliwa. Sijawahi kumwambia mteja kwamba giza limeingia kwenye nyota yake na sasa mambo yatakuwa mazuri. Hata kama ningetaka kumdanganya, nisingemdanganya hivyo."

Mama akacheka, kisha akajikohoza. Nikaanza kumjibu mganga kwamba hizo ni nyota mbili tofauti, na ningelimaliza hapo, ila mtendaji alikuwa bado ameshika karatasi yangu na amekunja uso.

"Subiri kidogo, dada," akasema. "Mimi sijui hizi nyota. Lakini nasoma hapa ulivyoandika mwenyewe. Umesema kwaki ndizo zinazosukuma nje."

"Ndiyo."

"Na uzito ndio unaovuta ndani."

"Ndiyo."

"Na hii maada giza ina uzito, lakini haizisaidii kwaki kusukuma."

"Ndiyo."

"Babu yake babu yangu alikuwa mpagazi. Alikwenda pwani na kurudi zaidi ya mara moja, nyumbani bado tunasimuliwa. Kwenye msafara kila mtu ana mzigo wake na kila mtu anakula. Sasa uniletee mtu anayekula posho na habebi kitu, halafu uniambie kwa ajili yake msafara utafikisha mizigo mingi zaidi?" Akaiweka karatasi mezani. "Mimi naona itafika michache."

Nilitaka kumweleza kwa nini amekosea. Nikapitia tena kichwani, hatua kwa hatua, nikitafuta mahali alipoteleza. Hakuteleza.

"Mama," nikasema, "nipe kompyuta."

Niliifungua pale pale juu ya meza ya mtendaji, kando ya kibali cha mganga, nikaanza kushuka kwenye programu yangu mstari baada ya mstari. Mtendaji aliinuka akaja nyuma yangu. Mganga naye akavuta kiti. Kosa lilikuwa mstari mmoja mfupi, nilioandika mwaka uliotangulia siku ambayo siikumbuki. Nilikuwa nimechukua msukumo wa kwaki na msukumo wa maada giza nikaijumlisha, kana kwamba ni kitu kimoja kinachosukuma pamoja. Wakati mimi mwenyewe, kwenye karatasi ile iliyokuwa mezani kwa mtendaji, nilikuwa nimeandika kwamba havigusani. Yule asiyebeba nilikuwa nimemwandika kwenye orodha ya wapagazi.

"Umepata?" mganga akauliza.

"Nimepata."

"Pole," akasema, na ilikuwa pole ya kweli.

Mtendaji alirudi kwenye kiti chake. Aliniuliza kama kosa hilo lina madhara kwa wananchi. Nikamwambia halina. Akaniuliza kama kuna mtu nimempokea nikampa dawa, hirizi au maji. Nikasema hapana, isipokuwa chai. Akaandika barua fupi, nami ninayo mpaka leo, inayothibitisha kwamba mtajwa hapo juu hajihusishi na uganga wa aina yoyote, na kwamba shughuli zake ni za hesabu na hazihitaji kibali cha kata. Muhuri mmoja tu safari hii. Mganga aliridhika, lakini aliomba viti viondolewe barazani, na mama akakubali.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Tulipofika getini mama aliniuliza kama nimefukuzwa chuo.

"Bado," nikamwambia.

Nilimpigia simu msimamizi wangu mchana ule. Nilimweleza kosa.

"Nani aliliona?" akauliza.

"Mtendaji wa kata."

"Nani?"

"Mtendaji wa kata yetu. Lakini mganga ndiye aliyeshtuka kwanza."

"Na mimi niliutazama ule mchoro," akasema. "Nikakwambia ni jambo." Nilimsikia anavuta pumzi. "Andika upya. Vitenganishe. Kila kimoja na msukumo wake, uzito ndio uwe wa pamoja."

Kuandika upya kulichukua wiki tano. Niliketi chumbani badala ya barazani, na mama alikaa nje kuwarudisha wageni, akiwaonyesha barua ya kata. Wengine walirudi makwao. Mzee wa reli hakukubali kurudishwa. Alidai yeye ni jirani, hana haja ya kibali, na alikuja kila Jumamosi kuuliza habari za watoto waliopotea mikekani.

Jibu jipya lilikuwa dogo kuliko la kwanza. Kwa aina ya maada giza niliyoichagua, nyota inapungua uwezo, na inaporomoka mapema. Wengine duniani walikuwa wamekwishaona jambo linalofanana na hilo, na mchango wangu ukawa kuonyesha linavyokuwa pale ambapo kwaki zimekwisha kuachana na nyutroni zao. Nililia siku moja, nikiwa bafuni, kwa sababu ni vigumu kuachana na ugunduzi, hata ukiwa wa uongo. Kisha nikaona kwamba hesabu sasa zinatembea zenyewe. Kabla ya hapo nilikuwa nikizisukuma, nikirekebisha huku na kule ili zikubali, nami nilidhani huo ndio ugumu wa kawaida wa fizikia.

Makala ilirudishwa mara mbili na wakaguzi wa jarida, ikakubaliwa mara ya tatu. Mwishoni, mahali pa kutoa shukrani, nilitaka kuwataja wote wawili. Mtendaji hakuleta taabu. Kuhusu mganga, msimamizi alifikiri siku mbili, akaogopa barua za wenzake, mwishowe tukakubaliana kumshukuru mtaalamu wa nyota wa Tabora ambaye hakutaka jina lake litajwe. Kwa kweli hatukuwa tumemuuliza. Nilipomuuliza, alisema angetaka litajwe, na namba ya simu pia, lakini ilikuwa imeshachapishwa.

Nilikwenda kumpa nakala yake mwenyewe likizo iliyofuata. Alikuwa kwake, chumba kimepakwa rangi ya bluu, kisafi kuliko ofisi yangu ya chuo. Akaifungua karatasi, akakuta ni Kiingereza mwanzo hadi mwisho, akanirudishia nimsomee kwa lugha ya watu. Nikamsomea, nikiruka milinganyo. Alisikiliza amefumba macho.

"Ikishaporomoka, inakuwa nini?"

"Inakuwa shimo, mzee. Kila kinachoingia hakitoki, hata mwanga."

"Na kuna wa kuitoa huko?"

"Hakuna."

Nje kulikuwa na mteja anasubiri, mwanamke amebeba mtoto mgongoni, na nilisikia anambembeleza.

"Mimi wangu wote wanatoka," akasema mganga. "Wanachelewa, lakini wanatoka. Kazi yako ni ngumu zaidi."

Alinisindikiza mpaka barabarani. Pale akaniuliza kama nimeolewa. Nikasema bado. Akanitazama kwa makini, kuanzia utosini hadi kwenye viatu, kama anavyowatazama watu wake, nami nikajikuta nimesimama wima nikisubiri aseme.

"Nyota yako haina tatizo," akasema. "Una kazi nyingi tu."

Akaingia ndani kumwita yule mwanamke.